Pembe ya Fedha ya Torgeir

Nyumbani kwa Ragna Helgevold yai halichemshwi. Ukitaka yai, kale kwenu. Kabichi nayo ni mwiko, na mipira ya kufungia karatasi haivuki kizingiti, kwa sababu vitu vyote hivyo vina pumzi inayotia fedha weusi, na sebuleni kwake kuna kabati la vioo lililojaa fedha. Si fedha ya kununulia mkate, ni ile ya mwambani, kama ilivyozaliwa: nyuzi, magamba, vishada vilivyojisokota vyenyewe gizani. Mumewe Kolbjørn alivumilia kwa miaka, kisha asubuhi moja akasema mtu mzima hawezi kuishi bila yai lake la asubuhi. Akahama. "Aliondoka na kikaango chake," Ragna husema akiulizwa, "na kabati halikumlilia."

Brennås ni mji mdogo wa Norway ulioishi kwa mgodi wa fedha mpaka mgodi ulipofungwa, na tangu ufungwe unaishi kwa kuukumbuka. Kila nyumba ina jiwe dirishani. Ragna alifanya kazi kwa daktari wa meno tangu usichana wake mpaka alipostaafu, na vyombo vilivyochakaa pale kliniki vilihamia kwake kimoja kimoja: kulabu, visugulio, vioo vya mkono mrefu. Kwa vyombo hivyo huondoa udongo kwenye kipande cha fedha punje kwa punje, akiwa ameinamisha shingo chini ya taa, na kipande kimoja kinaweza kumlia majira yote ya baridi.

Wenzake hawakuwa na subira hiyo. Fedha ya Brennås hukaa ndani ya jiwe jeupe, laini kidogo, na jiwe hilo ukilitia kwenye tindikali linachemka, linatoa povu, linakwisha, fedha inabaki peke yake, uchi, inang'aa. Mji mzima ulikuwa ukifanya hivyo, ndoo ghalani, harufu mpaka barabarani. Ragna alikuwa hawezi kuiona ndoo hiyo bila kutukana. Alisema jiwe ndilo linaloeleza fedha ilikaaje ukutani, nani aliigonga, na kwa upande gani ilitolewa. Ukishalichemsha umebaki na pambo. "Hao ni watu wa kuchuna maiti," alisema, na alilisema hata kwenye mikutano ya Chama cha Mawe, mbele ya watu ambao ndoo zao zilikuwa bado na povu.

Chama hicho kilikuwa na adabu moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Kipande cha fedha hakipokewi hivi hivi. Anayetoa hukishika juu ya mto mdogo wa kitambaa, anayepokea hutia mikono yake chini, na anayetoa haachii mpaka asikie neno moja: "Ninayo." Likishatamkwa, kipande kimeondoka mikononi mwa huyu, kimo mikononi mwa yule, na lolote litakalotokea ni lake. Watoto wa Brennås hujifunza hilo kabla ya kujifunza kufunga kamba za viatu.

Lakini kabati lote lile, pamoja na shingo iliyopinda na mume aliyehama, havikuwa kwa ajili ya vile vilivyomo. Ragna alikuwa akitafuta kipande kimoja. Hakuwahi kukiona kwa macho yake.

Baba yake, Torgeir, alikuwa mchimbaji. Siku moja ya baridi, Ragna akiwa ndio kwanza ameanza shule, Torgeir alikuwa akigonga mwamba pamoja na mwenzake wa kazi na jirani yake, Halvard Bergan. Jiwe jeupe likafunguka mbele yake, na ndani ya tundu akaona fedha nene kama dole gumba, imejisokota kama pembe ya kondoo dume. Sheria ya mgodi ilijulikana na wote: ukikuta fedha nzuri ya namna hiyo, unaacha kugonga, hugusi, unakwenda kumwita nyapara, maana serikali ilivitaka vipande vile vizima. Tindo lilikuwa limeshateleza na kuacha mkwaruzo kwenye lile jiwe jeupe. Torgeir akaliweka chini akaenda kuita. Aliporudi na nyapara, ukutani kulikuwa na shimo na vumbi jipya. Halvard alikutwa mbali kwenye njia ya reli, anasukuma kigari, akasema yeye hakuona kitu.

Jioni ile, langoni, walinzi waliwafungulia wachimbaji makopo yao ya chakula kama kila siku, lakini Torgeir walimvua mpaka viatu. Hawakukuta kitu. Kesho yake aliambiwa asirudi. Polisi hawakuitwa, wala hakupelekwa mahakamani. Na kwa kuwa hakushtakiwa, hakupata hata kesi ya kushinda. Alirudi nyumbani na kofia mkononi, na kanisani Jumapili ile benchi lao likawa na nafasi kubwa ajabu.

Ragna anaikumbuka jioni moja kabla ya Krismasi. Mama yake, Åsta, alikuwa anakanda unga wa biskuti za sikukuu. Baba akachukua donge, akalivuta, akalisokota mara mbili, akaipasua ncha yake katika vidole vitatu vidogo.

"Ilikuwa hivi," akasema. "Unaona? Mara mbili, halafu vitatu. Nilikwenda kuita, Ragna. Mikono yangu haikuigusa. Nilikwenda kuita."

"Torgeir, mtoto amekusikia," mama akasema. "Sasa nipe unga wangu."

Baba akaufinya ule unga ukawa donge tena, akautupa kwenye sinia, akatoka nje kwenye theluji bila koti.

Shuleni ilikuwa ni afadhali asingekwenda. Wavulana walisimama getini, mikono nyuma kama walinzi wa mgodi. "Fungua kopo!" walipiga kelele. "Fungua kopo, binti mwizi!" Na Ragna alifungua, kila asubuhi, akawaonyesha vipande vyake viwili vya mkate na jibini la kahawia, nao wakaupekua mkate kwa vidole vichafu wakiulizana fedha iko wapi. Mpaka leo chakula chake cha safari hukifunga kwenye karatasi tu.

Mtu mmoja peke yake aliendelea kubisha hodi kwao, naye ni Halvard. Majira yale ya baridi, Torgeir akiwa hana kazi, Halvard alileta viazi, gunia baada ya gunia, akaliweka barazani, akavua kofia na kusema hali ngumu, jirani, hali ngumu. Torgeir alikuwa akisema katika mji mzima amebakiwa na mwanaume mmoja. Baadaye alipata kazi ya kuzoa theluji na kuziba mashimo barabarani, kifua kikamshika, akafa kabla Ragna hajabarikiwa kanisani. Hakumwachia binti yake kitu ila kopo lake la chakula la bati, na lile neno lake, kwamba alikwenda kuita.

Kwa hiyo Ragna alikulia kwenye kazi moja: kulisafisha jina la baba yake. Kwanza alizunguka kwenye malundo ya kifusi na nyundo, baadaye akaenda kwenye maonyesho ya mawe, Kongsberg, Oslo, mpaka Ujerumani. Kokote alikokwenda alipita meza kwa meza akitafuta pembe iliyojisokota mara mbili yenye ncha tatu, ikiwa imesimama kwenye jiwe jeupe lenye mkwaruzo wa tindo. Aliamini siku akiikuta atamjua aliyeitoa, na jiwe litasema jinsi ilivyotolewa. Tindo la baba liligonga mara moja likaacha. La mwizi lilichimbua kwa haraka kuzunguka pembeni. Alama mbili za mikono miwili. Mtu yeyote wa Brennås angezisoma.

Na hata bila jiwe alijua mwizi ni nani. Baba alimshuku nyapara, Lauritz Kvamme, kwamba alichelewa makusudi huku mtu wake akichimbua, kwa kuwa yeye peke yake alipita langoni bila kufunguliwa kopo. Ragna hakumshuku, alimchukia kwa uhakika kamili, na chuki hiyo akaieneza kwa ukoo mzima. Mjukuu wa Lauritz ana duka la dawa pale mjini, mwanamke mpole sana. Ragna dawa yake ya presha hufuata mji wa pili, kwa basi, hata barabara ikiwa barafu.

Akibishiwa, alikuwa na hoja moja isiyo na jibu. Huleta lile kopo la bati, huliweka mezani. "Nene kama dole gumba," husema, "ndefu kama kiganja, na jiwe lake lote chini. Haya, nionyeshe. Ingeingiaje humu?" Watu hulitazama kopo, hukubali kwamba isingeingia, hunywa kahawa yao.

Lakini dunia iligeuka huku Ragna ameinama chini ya taa. Mgodi ulikuwa umefungwa siku nyingi, nyapara na walinzi wote wamelala makaburini, na vipande vilivyofichwa kwenye vyumba vya chini vya kuwekea viazi vikaanza kupanda juu kimoja kimoja. Kumbe karibu kila nyumba ilikuwa nacho. Waliokuwa wakifunga mapazia sasa wanafungua milango. Babu mwizi akawa babu mjanja. Watu wanashindana nani babu yake alipitisha kikubwa zaidi, ndani ya buti, ndani ya mkate, chini ya ulimi, na wanacheka mpaka wanajifuta machozi. Ragna hajawahi kucheka. Wale waliomwita binti mwizi, walikuwa wanakwenda nyumbani kwao kulala juu ya fedha ya wizi.

Ndipo akaja Øyvind Bergan, mtoto wa Halvard. Huyu ni fundi umeme mstaafu, mwenyekiti wa Chama cha Mawe, mtu wa kumpigapiga kila mtu begani. Alikuja na mfuko wa maandazi ya iliki.

"Umeleta maandazi," Ragna akasema, mkono bado kwenye kitasa. "Unataka nini?"

"Jamani Ragna! Mtu hawezi kuja kukusalimia tu?"

"Anaweza. Wewe huwa huji."

Øyvind akacheka, akavua viatu, akaingia. Walipokaa akaanza kuzunguka, mara barabara, mara mvua, mara goti lake. Ragna akamkatisha.

"Sema, bwana, kahawa inapoa."

"Basi. Tunafanya maonyesho, pale kwenye nyumba ya zamani ya wachimbaji kubadilishia nguo. Tumeyaita Fedha ya Wezi."

"Jina la kipuuzi."

"Watu wanalipenda! Kila familia inaleta chake ilichokificha. Na ukutani tunaweka majina ya wazee wetu, vibati vidogo vya shaba. Vizuri kweli. Na Torgeir tumemweka wa kwanza kabisa."

Ragna akaweka birika chini. "Wa kwanza wa nini?"

"Wa wezi!" Øyvind akasema kwa furaha ya mtu anayetoa zawadi. "Si yeye ndiye aliyefukuzwa? Wengine wote walipona. Yule ni shujaa wetu, Ragna."

"Baba yangu hakuiba."

"Haya tena. Ragna, wote waliiba. Mzee wangu aliiba, mlinzi wa lango aliiba, mchungaji alikuwa nacho kipande kwenye saa ya ukutani. Ni nani atamcheka Torgeir leo?"

"Hakuiba. Alikwenda kuita."

"Na kama aliiba, nani anajali sasa?"

"Mimi."

Akainuka, akalishusha kopo kutoka juu ya kabati, akalipigiza mezani mpaka vikombe vikaruka, akaitoa hoja yake, dole gumba, kiganja, jiwe. Øyvind alilitazama lile kopo muda mrefu kuliko watu wengine. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Njoo siku ya ufunguzi," akasema taratibu. "Nina kitu chako."

"Kitu gani?"

"Wewe njoo tu."

"Nitakuja," Ragna akasema. "Nitakuja kung'oa kile kibati chenu kwa mkono wangu."

Na hakuwa anatania. Siku ya ufunguzi alitia kwenye mkoba kulabu ya meno, ile nene ya kung'olea magamba, akavaa koti lake la kanisani. Nyumba ya kubadilishia nguo ilikuwa imejaa. Kulikuwa na kahawa, kulikuwa na mkate wa siagi na jamu, watoto walikuwa wakicheza langoni, mmoja akijifanya mlinzi na wengine wakifungua mikoba. "Fungua kopo!" akapiga kelele yule mdogo, na bibi zao wakacheka. Ragna alipita katikati yao kama mtu anayevuka mto wa barafu. Kibati kilikuwa pale ukutani, juu kabisa, Torgeir Helgevold, na misumari yake ilikuwa midogo. Mkono wake ulikuwa umeshaingia mkobani Øyvind alipopiga makofi mawili kutaka watu wanyamaze.

"Ragna, njoo hapa mbele," akaita. "Msogezeeni njia, jamani."

Watu walimsogezea. Juu ya meza kulikuwa na mto mdogo wa kitambaa, na juu ya mto kitu kimefunikwa kwa taulo ya jikoni.

"Baba yangu Halvard mnamjua," Øyvind akaanza, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Karibu na kufa kwake aliniita, akanionyesha hiki. Akasema si chetu. Akasema, na haya ni maneno yake mwenyewe: hiki ni cha Torgeir. Alikitoa ukutani, akanipa mimi, Halvard, nikifiche nyuma ya magogo ya kushikilia mwamba, halafu akaenda kumwita nyapara ili aonekane msafi. Wakamfukuza kabla hajaja kukichukua. Nikakitoa mimi baadaye, nikaogopa kumpelekea, nikaogopa hata kusema. Nikawapelekea viazi. Hayo ndiyo maneno ya mzee. Mimi nimekaa nacho miaka mingi naona haya. Leo nakirudisha."

Akaondoa taulo.

Ilikuwa yenyewe. Ilijisokota mara mbili, na nchani ikapasuka katika vidole vitatu vidogo, hasa kama ule unga wa mama mikononi mwa baba. Watu wote walivuta pumzi. Ilikuwa nzuri kuliko vyote alivyokuwa amewahi kuviona, hapa au Ujerumani, na Ragna aliuona uzuri wake kabla ya kitu kingine.

Kisha akaona kwamba chini yake hakukuwa na kitu. Hakukuwa na jiwe. Ilikuwa fedha tupu, safi, nyeupe, imechunwa mpaka kwenye mizizi.

"Liko wapi," akauliza, na hakuitambua sauti yake, "jiwe lake liko wapi?"

"Mzee aliliosha," Øyvind akasema. "Kwenye ndoo, kama kila mtu. Alisema ilikuwa na tofali zima la jiwe."

"Lilikuwa na mikwaruzo? Upande mmoja au pande zote? Alikwambia?"

"Mikwaruzo? Ragna, ni zamani, nitajuaje mikwaruzo?"

Hapo viazi vilimrudia, gunia baada ya gunia, na kofia iliyovuliwa barazani, na baba yake akisema amebakiwa na mwanaume mmoja. Akamkumbuka na mjukuu wa Lauritz Kvamme, aliyekuwa amesimama pale karibu na kahawa na kikombe mkononi, mwanamke ambaye hajamsalimu maisha yake yote. Damu ikampanda.

"Halvard ndiye aliyeiba," akasema kwa nguvu, wote wasikie. "Baba alikwenda kuita, na huku nyuma Halvard akachimbua. Akamwacha mwenzake afukuzwe. Akamlisha viazi mpaka akafa. Na akafa akimshukuru!"

Kisha mzee mmoja nyuma akasema kwa upole, "Ah, Ragna. Walikuwa wawili tu, waligawana kazi. Ndivyo ilivyokuwa siku zile." Na watu wakatikisa vichwa kumkubalia, wakimtazama Ragna kwa huruma, kama mgonjwa anayeweweseka. Hakuna aliyekasirika. Afadhali wangekasirika.

Øyvind peke yake alikuwa na masikio mekundu. Akaichukua pembe ile kwa mikono miwili, juu ya mto, kama inavyotakiwa.

"Mimi sijaja kugombana na wewe," akasema. "Baba yangu amekufa, wako amekufa. Nimekwambia alichoniambia. Lakini nikuulize kitu kimoja, Ragna. Kama Torgeir hakuitoa, basi hii si yake. Na kama si yake, si yako pia. Ni ya mgodi, ni ya serikali. Nitaipeleka Oslo, wakaiweke wanakoweka vitu vyao. Sikutishi. Naona tu ndiyo haki. Sasa niambie wewe. Ni ya Torgeir, au si yake?"

Alikuwa anauliza kwa moyo mweupe, na hilo ndilo lililokuwa baya. Ragna alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo tangu utotoni, neno moja tu, hakuiba. Pembe ilikuwa mbele yake, taa imeipiga ubavuni, na katika zile kunjo za ndani aliona weusi kidogo uliobaki, ambao kulabu yake ingeutoa bila kuugusa mng'ao, kazi ya majira mawili ya baridi, labda matatu. Aliona mahali pake kabatini. Alikuwa ameacha rafu ya katikati wazi miaka yote ile.

Mikono yake ilikuwa imeshatangulia. Aliikuta chini ya mikono ya Øyvind, juu ya mto, viganja wazi. Øyvind hakuachia. Alikuwa anasubiri, na mji mzima unasubiri pamoja naye.

"Ninayo," Ragna akasema.

Wakapiga makofi. Walipiga makofi kwa muda mrefu, wengine wakilia, mtu akamkumbatia kwa nyuma, mwingine akasema mzee Torgeir amepumzika sasa. Mjukuu wa Kvamme alimletea kahawa mwenyewe, na Ragna akaipokea akasema asante, neno lake la kwanza kwa mwanamke yule. Kile kibati ukutani hakuna aliyekigusa. Kulabu ilirudi nyumbani mkobani kama ilivyokwenda.

Nyumbani aliiweka pembe kwenye meza ya jikoni, si kabatini. Alikaa na koti lake mwilini. Alijaribu kumkasirikia Halvard na hakufika mbali, kwa sababu kila alipomwona Halvard mbele ya ule ukuta, aliiona mikono ya Halvard, na mikono ile ilikuwa imetangulia, kama yake. Hakuna aliyepanga kitu. Kitu kizuri kiko mbele yako, mwenzako amekwenda kuita. Na kama mikono ya Halvard iliweza, na ya binti wa Torgeir iliweza mbele ya watu wote, basi. Hakutaka kuimaliza fikra hiyo. Ilijimaliza yenyewe.

Alikuwa hajawahi, katika maisha yake yote, kujiuliza kama baba yake angeweza.

Akalitafuta jiwe, jiwe lile ambalo lingemjibu, na jiwe lilikuwa povu kwenye ndoo ya Halvard tangu yeye akiwa mtoto. Yeye mwenyewe alikuwa amewaambia watu wa Brennås maisha yake yote kwamba jiwe ndilo linaloeleza. Sasa hakuna cha kueleza. Kulikuwa na maneno ya Halvard, na maneno ya Torgeir, na wote wawili waliposema walionekana wakweli.

Akainuka, akalishusha kopo la bati kutoka juu ya kabati. Alijiambia kwamba hafanyi kitu, kwamba jiwe halimo na bila jiwe kipimo si kipimo, mtu yeyote anajua. Akaifunga pembe kwenye taulo ya Øyvind ili isikwaruzike. Akaiweka ndani kwa upande, akaigeuza kidogo, ncha zile tatu zikakaa kwenye kona ya kopo.

Kifuniko kilifunga.